Bangi: njia nne za kisheria, na ipi ya kuanza nayo

Mazungumzo ya bangi yakianza, iwe kijiweni, kwenye daladala au bungeni, watu hugawanyika pande mbili papo hapo: iruhusiwe, isiruhusiwe. Baada ya hapo hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mmoja anataja dawa ya kifafa, mwingine anamtaja mtoto wa dada yake aliyelazwa hospitali ya akili ya Mirembe, wa tatu anataja kodi ya bangi ya Colorado, Marekani, na wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli. Wanachokosa ni kuelewana kwanza wanazungumzia ruhusa ipi. Kampuni ya Kasese, Uganda, kulima bangi na kuiuza kwa watengeneza dawa wa Israeli ni jambo moja. Mtu mzima kuvuta nyumbani kwake Cape Town bila polisi kumgongea mlango ni jambo jingine. Duka lenye leseni pale Toronto, linalotoa risiti na kulipa kodi, ni jambo la tatu kabisa.

Msimamo wangu nausema mapema ili msomaji aupime anavyosoma: mtumiaji asifungwe, soko lisifunguliwe kwa pupa, na bangi ya dawa ikilimwa, leseni zimfikie mkulima mdogo. Nimefika hapo kwa kuziweka bega kwa bega nchi ambazo tayari zimejaribu, na matokeo yao hayafanani.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni marufuku kamili, ndiyo tunayoishi nayo. Tanzania ina Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, inayosimamiwa na DCEA, mamlaka ya serikali ya kupambana na dawa hizo. Ukitiwa hatiani kwa kusafirisha bangi ni miaka 30 jela, na mzigo ukiwa mkubwa ni kifungo cha maisha. Kenya ina sheria ya 1994. Mabadiliko ya 2022 yalimpunguzia adhabu anayekutwa na bangi ya kutumia mwenyewe, kutoka miaka 10 hadi isiyozidi 5, au faini isiyozidi shilingi 100,000. Kamba imelegezwa, lakini bado ni jinai.

Ya pili ni kumtoa mtumiaji kwenye jinai huku biashara ikibaki haramu. Ureno ilianza Julai 2001, tena kwa dawa zote za kulevya. Jamaica ikafuata 2015, Afrika Kusini 2018.

Ya tatu ni kilimo cha dawa, na mara nyingi mazao yote huuzwa nje. Lesotho ilitoa leseni 2017, ya kwanza barani Afrika. Zimbabwe ilifuata 2018, Malawi 2020, Rwanda na Morocco 2021. Katika nyingi ya nchi hizi, kijana akikutwa na msokoto barabarani bado anapelekwa kituoni, hata kama shamba lenye leseni linaonekana kutoka hapo aliposimama.

Ya nne ni soko halali la watu wazima: Uruguay kwa sheria ya Desemba 2013, majimbo ya Colorado na Washington kwa kura za wananchi za 2012, Kanada kuanzia tarehe 17 Oktoba 2018. Ujerumani, tangu Aprili 2024, imesimama katikati. Mtu mzima anaruhusiwa mimea 3 nyumbani na gramu 25 mfukoni, anaweza kujiunga na chama cha kulima kwa pamoja, lakini hakuna duka.

Nani analala mahabusu

Hapa ndipo njia hizi zinapoachana zaidi, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Nenda mahakama ya wilaya Jumatatu asubuhi. Waliokamatwa mwishoni mwa wiki wanashushwa kwenye karandinga, wengi ni vijana wa bodaboda, wapiga debe na wasukuma mikokoteni. Kielelezo cha kesi ni bahasha ya kaki, ndani yake kete mbili zilizofungwa kwa karatasi ya daftari. Mshtakiwa anasomewa shtaka, anakana, mwendesha mashtaka anasema upelelezi haujakamilika kwa sababu majibu ya Mkemia Mkuu wa Serikali hayajafika, na kesi inaahirishwa. Nje, mama yake amekaa kwenye ngazi na pochi mapajani, akiwapigia simu ndugu. Anatafuta wadhamini wawili wenye barua ya serikali ya mtaa na vitambulisho vya taifa. Asipowapata leo, mwanawe anarudi rumande. Kete mbili hizo zimeshakula siku ya askari, ya karani, ya hakimu, ya mkemia, na ya mama aliyefunga genge lake la nyanya ili aje pale.

Wapo pia wanaobambikiwa. Kete ni ndogo, inaingia mfuko wowote, na ikishakutwa mfukoni mwako, neno lako linapimwa dhidi ya neno la aliyekupekua. Mwenye fedha ya kumaliza mambo hukohuko njiani haonekani mahakamani. Sheria ileile inamkuta maskini ikiwa nzito na mwenye nacho ikiwa nyepesi, na kwangu mimi hiyo ni hoja kubwa dhidi ya marufuku kamili kuliko hoja yoyote ya kodi.

Linganisha na Ureno. Anayekutwa na bangi isiyozidi gramu 25, kiasi kinachohesabiwa kuwa matumizi ya siku 10, hafunguliwi kesi ya jinai. Anaitwa mbele ya jopo la watu watatu wenye ujuzi wa sheria, afya na ustawi wa jamii. Wanamuuliza anatumia mara ngapi, anafanya kazi gani, anaishi na nani. Asiyeonekana kuwa na uraibu, shauri lake husimamishwa. Mwenye uraibu anaelekezwa kwenye tiba. Muuzaji bado anakwenda jela, na hilo wengi wanaotaja Ureno hulisahau: bangi haikuhalalishwa kule, kilichobadilika ni mlango anaopitishwa mtumiaji.

Afrika Kusini ilifika karibu na hapo kwa njia ya mahakama, na safari yenyewe ina funzo kwa majirani. Gareth Prince alisomea sheria. Ni Mrasta, alikuwa na hukumu za kupatikana na bangi, na alisema wazi kwamba hataiacha kwa kuwa ni sehemu ya imani yake. Chama cha wanasheria cha Cape kikakataa kusajili mkataba wake wa mafunzo, mlango wa kuwa wakili ukafungwa. Alikwenda Mahakama ya Katiba akidai uhuru wa dini, na 2002 akashindwa kwa majaji 5 dhidi ya 4. Miaka mingi baadaye alirudi na hoja nyingine, ya faragha. Mahakama Kuu ya Western Cape ikamkubalia 2017, na tarehe 18 Septemba 2018 Mahakama ya Katiba, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Raymond Zondo, ikasema kwa kauli moja kwamba kumwadhibu mtu mzima kwa kutumia, kumiliki au kulima bangi yake faraghani ni kukiuka katiba. Bunge lilichelewa, lakini Mei 2024 Rais Cyril Ramaphosa alitia saini sheria yenyewe, ambayo inafungua pia njia ya kufuta rekodi za hukumu za zamani.

Marasta wa Kenya walipofungua shauri Mahakama Kuu Nairobi 2021, waliegemea zaidi imani. Ni haki yao. Ila mwenye kufuatilia atakumbuka kwamba hoja ya dini ndiyo iliyomwangusha Prince mara ya kwanza, na hoja ya faragha ndiyo iliyomnyanyua. Faragha ina ibara yake kwenye katiba ya Kenya, ya 31, na kwenye ya Tanzania, ya 16.

Njia hii ina kasoro mbili na sitaki kuzificha. Faragha inamlinda mwenye faragha. Mwenye nyumba yenye uzio anaweza kupanda miche yake nyuma ya jiko. Anayeishi chumba kimoja cha kupanga na watoto watatu, choo cha kuchangia na dirisha linalotazama uchochoro, faragha yake iko wapi? Kasoro ya pili ni kwamba kununua bado ni haramu. Mtu ameruhusiwa kuwa nayo lakini hajaruhusiwa kuipata, isipokuwa ailime. Uholanzi imeishi na mkanganyiko huo tangu miaka ya 1970: mgahawa unaachwa umuuzie mteja gramu 5 mlango wa mbele, huku mzigo unaoingia mlango wa nyuma ukiwa kwa miaka mingi umetoka kwa wahalifu. Njia ya pili inamtoa mtumiaji jela, lakini magendo inayaacha yalipo.

Nani anavuna

Mashamba ya Arumeru, Tarime na milima ya Uluguru yamefyekwa na kuchomwa mara nyingi, na msimu unaofuata bangi huota tena katikati ya mahindi. Sababu haihitaji utafiti mrefu. Kabichi na nyanya huozea njiani pale barabara inapokatika masika. Bangi ikishakaushwa haiozi, haihitaji gari la baridi, na dalali huifuata hukohuko mlimani kwa pikipiki. Fedha nyingi hubaki kwa dalali na kwa wauzaji wa mjini. Kwa mkulima hubaki kidogo, pamoja na hatari yote, maana shamba halikimbii operesheni ikipita.

Kwa hiyo mbunge akisimama Dodoma na kuuliza kwa nini tusilime bangi ya dawa kama Uganda na Rwanda, kwanza namuelewa. Kisha naangalia nani hasa amevuna kwenye njia ya tatu.

Lesotho ina wakulima wa milimani ambao kwa vizazi waliishi kwa kuvusha bangi kwenda Afrika Kusini. Leseni za 2017 zilipokuja, ziliambatana na masharti ya soko la dawa la nchi tajiri: vitalu vilivyofunikwa, maabara, kamera, uzio, walinzi, kumbukumbu za kila mmea tangu mbegu hadi kopo. Mzee mwenye shamba la mteremkoni hana hata kimoja kati ya hivyo. Walioweza ni wawekezaji, wengi wakitoka Kanada. Na mwekezaji huondoka bei ikimwendea kombo. Canopy Growth, kampuni kubwa ya Kanada, ilifunga kazi zake za Lesotho na kujiondoa Afrika 2020, soko la hisa za bangi lilipoporomoka. Kuna mafanikio ya kweli pia, kwani MG Health ya hukohuko Lesotho ilipata kibali cha kuuza maua ya bangi Umoja wa Ulaya kama malighafi ya dawa. Lakini mkulima wa kale wa milimani alibaki nje ya uzio, bado mhalifu, akitazama wengine wakilima kihalali mmea alioulima babu yake.

Zimbabwe ilipoanza, leseni ya miaka mitano ilikuwa dola 50,000 za Marekani. Hebu mfikirie mkulima wa Sirari mwenye ekari moja na nusu akisomewa bei hiyo.

Morocco ilichagua tofauti, na kwa kilimo ndiyo mfano ninaoupenda zaidi. Sheria yake namba 13-21 inaruhusu kilimo cha dawa na viwanda katika majimbo matatu tu ya milima ya Rif, Al Hoceima, Chefchaouen na Taounate, yaani kulekule ambako watu walikuwa wakilima kwa siri. Mkulima lazima awe mkazi wa hapo na ajiunge na ushirika, na ushirika ndio unaouzia viwanda vyenye leseni. Wakala maalumu wa serikali, ANRAC, hutoa vibali na kufuatilia mavuno. Mwanzoni ziliingizwa mbegu za kigeni zenye kiu ya maji, baadaye mbegu ya asili ya Rif, beldia, nayo ikaruhusiwa. Na Agosti 2024 Mfalme Mohammed VI aliwasamehe watu 4,831 waliotiwa hatiani, kushtakiwa au kutafutwa kwa kulima bangi. Ukiwa unatafutwa kwa miaka, hata kwenda mjini kushughulikia hati zako ni hatari. Msamaha ule uliwarejeshea watu uraia wa kila siku.

Magendo ya hashishi hayajaisha Rif, na eneo la kilimo halali bado ni dogo kuliko la siri. Lakini anayeandika sheria leo Dar es Salaam au Nairobi akinakili Lesotho atapata wafanyakazi wa vibarua ndani ya uzio wa mgeni, na akinakili Morocco ana nafasi ya kupata vyama vya ushirika. Sisi ushirika tunaujua, kwa mazuri yake na kwa machungu yake kwenye kahawa na korosho.

Jambo moja husahaulika kabisa hapa, nalo ni mgonjwa. Epidiolex, dawa iliyotengenezwa kwa CBD safi, kemikali ya bangi isiyolewesha, iliidhinishwa Marekani 2018 kwa watoto wenye aina mbili ngumu za kifafa, Dravet na Lennox-Gastaut. Ni tiba ya kweli. Lakini ni ghali mno, na nchi kulima bangi kwa ajili ya kuuza nje hakumletei dawa hiyo mtoto aliyelazwa Muhimbili au Kenyatta. Mtetezi wa kilimo anayetumia mtoto wa kifafa kama hoja aulizwe swali moja tu: je, muswada wako una kifungu cha dawa kubaki hapa?

Kijana na nguvu ya bangi

Bangi ya leo si lazima iwe ile waliyoijua wazee. Mbegu zimechaguliwa kwa miongo ili kuongeza THC, kemikali inayolewesha, na skanka inayokamatwa siku hizi mipakani ina nguvu kuliko majani ya kawaida ya shambani. Utafiti uliochapishwa 2019, uliofanyika katika vituo 11 vya Ulaya na Brazil, ulikuta kwamba waliokuwa wakitumia kila siku bangi yenye THC nyingi walikuwa na uwezekano wa karibu mara 5 wa kupata ugonjwa wa akili wa kuona na kusikia yasiyokuwapo, ukilinganisha na wasiowahi kutumia. Wengi wanaotumia hawafikii huko. Lakini ubongo wa binadamu unaendelea kukomaa hadi kwenye miaka ishirini na kitu, na anayeanza akiwa kidato cha pili yuko hatarini zaidi ya anayeanza akiwa na miaka thelathini, kwa ugonjwa na kwa uraibu pia. Yule mtoto wa dada aliyelazwa Mirembe si hadithi ya kutishia watu, na wanaotaka sheria ilegezwe wanapaswa kumtazama usoni.

Swali ni njia gani inamlinda. Marufuku inamwachia muuzaji wa kichochoroni aamue nguvu ya mzigo na umri wa mteja. Hakuna lebo kwenye kete. Biskuti na keki za bangi zimeshakamatwa Tanzania chini ya marufuku kamili, na mlaji wala mzazi hawana namna ya kujua ndani mna nini.

Kanada iliweka lebo, vifungashio visivyo na mvuto, na kikomo cha miligramu 10 za THC kwa kila pakiti ya kitu cha kuliwa. Hofu kwamba wanafunzi wangefurika kwenye bangi haikutimia kama ilivyotabiriwa, wala Colorado. Kilichotokea ni kingine: watoto wadogo, wa miaka miwili, mitatu, walianza kufikishwa hospitalini kwa wingi zaidi kwa kula peremende za wazazi wao. Quebec, iliyokataa peremende na chokoleti za bangi tangu mwanzo, iliona ongezeko dogo kuliko majimbo yaliyoruhusu. Ndani ya nchi moja, chini ya sheria mama moja, kanuni moja ya peremende iliwaepusha watoto.

Thailand ni onyo. Tarehe 9 Juni 2022 bangi iliondolewa kwenye orodha ya dawa za kulevya kabla sheria ya kuisimamia haijapitishwa. Maduka yakaota kwa maelfu, Bangkok hadi visiwani, huku bunge likivutana. Juni 2025 serikali ikarudi nyuma na kutaka cheti cha daktari kwa kila mnunuzi, wakati watu walishaweka mitaji yao humo.

Ukitaka kuona soko lililofunguliwa taratibu, tazama duka la dawa la Montevideo, mji mkuu wa Uruguay. Mnunuzi ni raia au mkazi aliyejisajili, mgeni wa kitalii hauziwi. Anaweka kidole kwenye mashine, mashine inasema kama bado ana mgao, anapewa pakiti ya gramu 5. Hawezi kuzidisha gramu 40 kwa mwezi. Hakuna tangazo dirishani, hakuna muziki, hakuna punguzo la sikukuu. Serikali ya José Mujica ilipitisha sheria Desemba 2013 na maduka hayakuanza kuuza hadi Julai 2017. Hata hivyo yalikuja matatizo mawili. Bangi ya mwanzo ilikuwa dhaifu, wengi wakarudi kwa muuzaji wa mtaani. Na benki, zikiogopa kukatwa na benki za Marekani, zilitishia kufunga akaunti za maduka hayo, baadhi yakajitoa. Nchi ndogo ikihalalisha peke yake, mkono wa benki za Marekani unaifuata mpaka kwenye kaunta ya duka la dawa.

Je, sisi tunaweza kuendesha duka la namna hiyo? Jibu langu linatoka Kenya, kwenye chang'aa. Kenya iliihalalisha 2010 kwa nia njema: itengenezwe kiwandani, iwekwe kwenye chupa, ipimwe, na sumu iondoke mitaani. Masharti yakawa mazito kwa mpikaji wa kawaida, ukaguzi ukawa mwepesi kwa mwenye mkono mrefu, na pombe ya kienyeji ikaendelea kupikwa gizani. Mei 2014 makumi ya watu walikufa kwa pombe yenye methanoli, na Februari 2024 wengine wakafa Kirinyaga. Nchi ambayo bado haijashinda vita ya kupima pombe haipaswi kufungua soko la kitu ambacho kukipima ni kazi ngumu zaidi. Miaka kumi ijayo huenda jibu likawa tofauti. Leo ndivyo ninavyoliona.

Kuhusu kodi na mkataba

Kwa kodi nitakuwa mfupi, maana imepewa uzito kuliko inavyostahili. Colorado imekusanya zaidi ya dola bilioni 2 tangu maduka yafunguliwe Januari 2014, sehemu ikijenga shule. Lakini makusanyo yalifika kilele 2021 kisha yakashuka, kwa kuwa bangi ikilimwa kihalali bei yake huporomoka. Profesa George Wajackoyah alipogombea urais wa Kenya 2022 aliahidi bangi italipa deni la taifa. Alipata kura 61,969. Deni halilipwi na zao ambalo bei yake inashuka kila nchi mpya inapoingia sokoni.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 nao hutajwa kama ukuta. Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya, kwa kura 27 dhidi ya 25, iliiondoa bangi kwenye kundi la dawa hatari zisizo na faida ya tiba. Inabaki chini ya udhibiti. Mkataba unaruhusu kilimo cha dawa, unaacha nafasi ya kumpeleka mtumiaji kwenye tiba badala ya jela, lakini soko la starehe haulikubali. Kwa lugha nyingine, njia ya pili na ya tatu hazihitaji ugomvi na mtu yeyote nje. Ya nne inauhitaji.

Uchague ipi

Kama wewe ni mzazi na hofu yako ni kijana wako, marufuku kamili inakupa faraja kuliko inavyokupa ulinzi. Mwanao akikamatwa na kete, rekodi ya jinai itamharibia ajira kwa muda mrefu kuliko moshi. Njia ya Ureno inakufaa zaidi, kwa sharti kwamba lile jopo lipo kweli na lina mahali pa kumpeleka: mshauri wa wilaya, kliniki ya afya ya akili, soba hausi iliyosajiliwa. Bila hapo pa kumpeleka, tutakuwa tumefuta adhabu na kumwacha peke yake.

Kama wewe ni muumini na bangi kwako ni haramu, huna haja ya kubadili imani ili ukubali njia ya pili. Masheikh wa Pwani wanaihesabu pamoja na vileo. Pombe nayo ni haramu kwa Mwislamu, na hakuna anayefungwa Tanga kwa kukutwa na chupa ya bia. Kukataza kwa mimbari na kukataza kwa pingu ni kazi mbili tofauti, na ya mimbari mara nyingi inafanywa vizuri zaidi.

Kama wewe ni mkulima, usikimbilie kushangilia leseni. Uliza ni ya nani, inagharimu kiasi gani, na kama ushirika wenu unaweza kuiomba. Uliza pia ikiwa waliofungwa kwa kulima watatoka. Sheria inayompa mgeni kitalu na kumwacha jirani yako akitumikia miaka 30 kwa mmea uleule ikataliwe.

Na kama wewe ni mbunge au unamwandikia mbunge, nenda kwa hatua. Kwanza mtoe mtumiaji jela, ukiandika umri wa miaka 18 na kuendelea, na ukiweka marufuku ya kuvuta mbele ya watoto. Pili, ukitaka kilimo cha dawa, kitenge kwa wilaya na kwa ushirika. Soko liache kwanza. Kiasi kinachoruhusiwa kiandikwe kwa gramu ndani ya sheria yenyewe, kisiachiwe kanuni zitakazokuja baadaye. Hukumu ya Afrika Kusini ya 2018 haikutaja gramu, ikamwachia askari aliyepo barabarani apime kwa macho kama mfuko alioukuta ni wa kuvuta au wa kuuza. Hapa kwetu, askari akiachiwa kupima kwa macho, yule mama atarudi kukaa kwenye ngazi za mahakama hata chini ya sheria mpya.